Picha iliyopewa miguu yahitaji neno 'eti'

Wenzetu wa Tanzania wana istilahi mbili ambazo sisi huku Kenya hatuzitumii sana, nazo zafaa kuazimwa leo. Picha iliyopigwa ikatulia huiita picha mnato. Ile inayokwenda, kama ya sinema au ya video, huiita picha jongefu. Ya kwanza imenata mahali pake, ya pili yajongea. Kwa miaka mia moja na zaidi tofauti hiyo ilikuwa wazi hata kwa mtoto, maana aliyetaka picha jongefu hakuwa na budi kuipeleka kamera mahali ambapo kitu kinajongea. Siku hizi mfanyabiashara aweza kuketi kibandani pake, akaichukua picha mnato moja ya rinda lililotundikwa ukutani, akaikabidhi programu ya akili unde, na kabla chai yake haijapoa akarudishiwa video fupi ya rinda hilo likipepea mwilini mwa mwanamke anayetembea ufuoni. Mwanamke huyo hayuko duniani. Upepo ule haukuvuma popote. Rinda lenyewe bado liko ukutani.

Nia yangu katika makala haya ni kuuliza swali la mtu wa isimu wala si la fundi wa mitambo. Je, video hiyo imesema nini, na ni nani aliyeyasema hayo?

Nianze kwa kutoa wasiwasi. Mimi si adui wa biashara ya mtandaoni. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, na hasa tangu simu zenye kamera nzuri zilipoenea, maelfu ya Wakenya wasio na uwezo wa kukodi duka barabarani wamepata pa kuuzia. Muuzaji hutuma picha, mnunuzi hutuma pesa, na mwendeshaji bodaboda humaliza shughuli. Baadhi ya wanafunzi wangu hujilipia karo kwa njia hiyo. Mmoja wao, ambaye huuza madera, alinieleza kwa masikitiko kwamba akiweka picha mnato watu huipita kama wanavyoipita nguzo ya stima, ilhali akiweka video husimama na kuuliza bei. Mitandao ya kijamii imetuzoeza hivyo, na wenye mitandao wanalijua jambo hilo vyema. Mnamo Septemba 2024 kampuni ya Amazon iliwatangazia wafanyabiashara wa Marekani chombo cha kutengeneza video ya tangazo kutokana na picha moja tu ya bidhaa. Mnamo Juni 2025 TikTok nayo ikawapa watangazaji wake chombo cha kugeuza picha kuwa video fupi. Programu nyingine za aina hiyo, za bure na za kulipiwa, ni nyingi mno kuzitaja hapa.

Hata hivyo, si video zote zinazotokana na picha mnato ambazo ni za jamii moja, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Kuna zile ambazo kinachotembea ni jicho la mtazamaji. Picha imetulia, ila tunaisogelea polepole, tunapitishwa kutoka kwenye ukosi hadi kwenye pindo la chini, kisha twahamia picha nyingine. Mtindo huu ni wa zamani. Mmarekani Ken Burns aliusifikisha katika filamu yake ya mfululizo kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, iliyoonyeshwa mwaka wa 1990. Vita hivyo vilipiganwa kati ya mwaka wa 1861 na 1865, wakati ambapo hakukuwa na kamera ya sinema, na kwa hivyo Burns alitegemea sana picha mnato, barua na sauti za wasomaji. Wanajeshi wa picha zile hawainui mguu. Ni sisi tunaosogezwa mbele yao. Mwenye kufanya hivi na picha za viatu au sufuria zake hajamdanganya mtu, na mimi namwambia aendelee.

Jamii ya pili ni ile ambayo bidhaa yenyewe hupewa miguu. Hapo kitambaa chapepea, mfuko wajifungua, kiatu chazunguka na kutuonyesha ubavu ambao haukupigwa picha kamwe. Ili tuone uzito wa jambo hili tufanye hesabu ndogo. Video ya kawaida ya sinema ni mfululizo wa picha 24 kwa kila sekunde. Kipande cha sekunde 5 basi kina picha 120. Kati ya hizo 120, moja tu ndiyo iliyotoka kwenye kamera ya muuzaji. Zile 119 zimetungwa.

Linganisha na mwanzo wa sanaa yenyewe. Mnamo Juni 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi ili kuonyesha jinsi farasi anavyokimbia, na kama kuna nukta ambapo kwato zote nne huwa zimeiacha ardhi. Zilikuwa picha mnato vilevile. Zilipopangwa kwa mfuatano, watu waliuona mwendo. Lakini kila mojawapo ilikuwa shahidi aliyekuwapo, na ndiyo sababu ubishi uliisha: kumbe farasi hupaa kweli. Lau Muybridge angepiga picha moja tu kisha akamwachia mchoraji hodari azitunge 11 zilizosalia, tungepata mwendo wa kupendeza, ila tusingejua lolote kuhusu farasi.

Turudi kwenye lugha. Tazama picha mnato ya rinda nawe utaieleza kwa kiambishi -me-: rinda limetundikwa, limekunjwa, limepigwa pasi. Hiyo ni hali iliyokuwapo mbele ya kamera. Itazame video ya rinda hilohilo nawe utalazimika kutumia -na-: linapepea, linateleza, linang'aa. Mtazamaji akiisha kuirudia video mara tatu, huondoka na kiambishi cha tatu, hu-: rinda hili hupepea. Na hapo ndipo pesa hutumwa. Hapana anayenunua nguo kwa sababu ilipepea siku moja ya Jumanne. Huinunua kwa kuwa ameamini kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Muuzaji akiulizwa baadaye atajitetea kwamba hakuandika popote kuwa kitambaa ni chepesi au ni kizito. Ni kweli, hakuandika. Lakini ujumbe umefika.

Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka wa 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza jinsi msikilizaji anavyopokea zaidi ya yaliyotamkwa, kwa kuwa humchukulia msemaji kuwa anazifuata kanuni fulani za ushirikiano. Kanuni inayohusu ukweli ina pande mbili. Upande wa kwanza wajulikana na kila mtu: kutosema unalojua kuwa ni uongo. Wa pili husahauliwa, nao ni kutosema jambo usilo na ushahidi wake wa kutosha. Wauzaji wengi ninaowazungumzia hawavunji upande wa kwanza. Hawajui kwamba wanasema uongo, kwa sababu hawajui kitambaa kitafanya nini. Na mashine nayo haijui. Imejifunza kutokana na video nyingi mno ni madoa gani ya rangi hufuatana na yapi, kisha hukisia. Haina mkono wa kupima uzito wa pamba wala pua ya kutambua nailoni.

Zipo lugha ambazo sarufi yake humlazimu msemaji kueleza kama alishuhudia au alisikia tu. Mturuki, kwa mfano, akisimulia jambo lililopita, huchagua kiambishi kimoja iwapo aliliona kwa macho yake, na kingine iwapo amelisikia au amelikisia. Kiswahili hakina viambishi vya namna hiyo, lakini kina neno dogo lenye kazi kubwa: eti. Ukisema 'Juma amehama', umejifunga. Ukisema 'Eti Juma amehama', umemwonya msikilizaji kwamba habari hiyo haikutoka kwako na kwamba akitaka uhakika aende kwa Juma. Video iliyotungwa kutokana na picha mnato ni sentensi iliyonyofolewa neno eti. Eti rinda hupepea. Eti pazia huanguka kwa uzito. Eti kiatu kina ubavu wa namna hii. Mashine hutupa sentensi nzima ila neno hilo, na ndilo tulilolihitaji zaidi.

Niruhusu, msomaji, nikae kidogo kwenye leso, kwa kuwa ndiyo bidhaa inayonigusa kwa kazi yangu. Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo upande wa chini wa mji. Enda Biashara Street mjini Mombasa, ambako Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za 'Mali ya Abdulla', wamejenga sifa kwa vizazi kadhaa, nawe utaona wanunuzi wakizifunua leso na kuyasoma majina kabla ya kuuliza bei. Jina ndilo ujumbe. Kwa leso, mke humjibu jirani, mama humbariki bintiye, na wifi humrushia wifi dongo bila ya kufungua kinywa.

Basi niliichukua picha ya leso moja niliyo nayo nyumbani nikaipa mojawapo ya programu hizi, nikiiomba iipeperushe kidogo. Iliipeperusha kwa madaha makubwa. Kona moja ilijikunja ikafunika jina, na ilipojikunjua maandishi hayakuwa yale. Yalikuwa na sura ya herufi, yalipangwa kwa nafasi kama maneno, lakini hayakuwa maneno ya lugha yoyote niijuayo. Nilipojaribu tena, herufi mbili zilibadilika, na pindo likaota ua ambalo mchoraji wake hakulichora. Waama programu hizi zinaboreka kila baada ya miezi michache, na huenda kesho zikayashika maandishi barabara. Ila kulikuwa na kosa jingine ambalo halihusiani na herufi. Leso mpya ina wanga. Hukakamaa, hutoa sauti ya karatasi unapoikunja, na hulainika baada ya kufuliwa. Ile ya kwenye video ilitiririka kama hariri. Mwanamke wa Pwani angeicheka. Mnunuzi wa Kitale anayeagiza leso ya kwanza maishani mwake angeamini, na ikimfikia angedhani ameuziwa leso bandia, ilhali ni leso halali kabisa. Hivyo hasara haimpati mnunuzi peke yake. Bidhaa nzuri nayo huharibiwa jina na video nzuri kuliko yenyewe.

Kisa cha pili ni cha mwenzangu kazini. Aliagiza mapazia ya sebuleni kwa Sh6,500, akatanguliza nusu kama arbuni. Video aliyotumiwa ilionyesha mapazia yakivutwa na mkono, yakianguka kwa mikunjo mizito hadi sakafuni. Yaliyomfikia yalikuwa mepesi kiasi cha kuonyesha dirisha la pili. Alipolalamika, muuzaji alimjibu kwa swali: je, rangi si ileile, na maua si yaleyale? Naam, yalikuwa yaleyale. Picha ilikuwa ya kweli, mwendo ndio uliokuwa wa uongo, na mwenzangu hakupata namna ya kuieleza dhuluma aliyotendewa, kwa sababu lugha yetu ya kulalamika bado haina neno la uongo wa aina hiyo.

Watakuwapo wa kuniambia kwamba matangazo yametia chumvi tangu enzi za mababu na kwamba mnunuzi naye ana macho. Watanikumbusha methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hakika nadhani methali hiyo inamwonea mfanyabiashara mdogo wa leo, kwa sababu kizuri kilichofichwa katika chumba kimoja cha Kayole hakiwezi kujiuza. Sharti kijitembeze simuni kama vingine vyote. Lakini angalia sarufi yake. Chajitembeza: kitendo na mtendaji ni kitu kimoja. Bidhaa ikijitembeza yenyewe, hata ikiwa mbovu, twaiona jinsi inavyochechemea. Katika video hizi bidhaa haijitembezi, hutembezwa, na hutembezwa na mtu asiyewahi kuiona.

Na si mashine pekee isiyoiona. Hapa nafikia jambo ambalo nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Simu iliyopiga picha mnato yaweza kupiga video halisi ya sekunde 5 bila gharama yoyote. Lishike rinda mabegani, litikise, umemaliza. Kwa nini basi mtu aende kuomba mwendo wa kubuni? Baadhi hufanya hivyo kwa sababu ya urembo. Wengine hufanya hivyo kwa sababu hawana rinda. Wana picha tu, waliyoipata kwa muuzaji wa jumla wa Eastleigh au kwa kiwanda cha China, na bidhaa huagizwa baada ya mnunuzi kulipa. Biashara ya udalali wa namna hiyo si haramu, na wapo wanaoifanya kwa uaminifu. Lakini picha mnato iliyoazimwa huacha alama za kuazimwa: ina mandhari ya kigeni, imetumiwa na wauzaji kumi wengine, mnunuzi mwerevu huitambua. Ikishapewa miguu, alama hizo hufutika. Muuzaji ambaye hajaigusa bidhaa huonekana kama aliye nayo mkononi. Habari ya kusikia imegeuzwa kuwa habari ya kuona.

Nilimshauri yule mwanafunzi wangu wa madera hivi, na ushauri wenyewe ni wa bure kwa yeyote. Panga nguo karibu na dirisha asubuhi, mbele ya ukuta mweupe au shuka lisilo na maua. Simamisha simu wima, kwa kuwa ndivyo itakavyotazamwa. Piga picha sita: mbele, nyuma, mshono kwa ndani, kitambaa kwa karibu sana, nguo ikiwa imevaliwa na mtu wa kweli ambaye urefu wake utauandika, na mwisho kasoro yoyote iliyopo. Kila picha ipe sekunde 3, uwe na video ya sekunde 18. Usogeze jicho polepole, kwa upande mmoja. Wanaorusha picha huku na huko humtia mtazamaji kizunguzungu. Picha iwe kubwa na safi, maana ndogo ikisogelewa hupasuka. Andika vipimo kwa sentimita, andika aina ya kitambaa, na tafadhali andika bei. Sijui ni nani aliyewafundisha wauzaji wetu kuificha bei na kumwambia mteja aifuate inboksi kana kwamba ni siri ya ndoa. Mwanafunzi huyo aliongeza picha ya saba kwa akili yake mwenyewe: dera likiwa limeloweshwa pembeni, kuonyesha kwamba halichuji rangi.

Kwa upande wa sheria hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachokinunua, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 nayo inakataza kudai kwamba bidhaa ina sifa isiyo nayo, na inakwenda mbali zaidi hadi kutia chumvi na kulinyamazia jambo la msingi iwapo kufanya hivyo kunapotosha. Wabunge walioipitisha hawakuwa wamewahi kuona rinda likipeperushwa na mashine, lakini maneno yao yanatosha. Kilichobaki ni wahusika kutamka wazi kwamba mwendo nao ni dai. Kupepea kwa kitambaa katika tangazo kuhesabiwe sawa na kuandika 'kitambaa hiki hupepea', na aliyekitangaza aulizwe ushahidi wake.

Nchi nyingine zimeanza. Uchina ilianza kutekeleza mnamo Septemba 1, 2025 kanuni zinazotaka picha, sauti na video zilizotungwa na akili unde ziwekewe alama. TikTok yenyewe imekuwa ikiwataka watumiaji wake waweke alama kwenye video za akili unde zinazofanana na za kweli. Shida yangu na alama kama hizo ni upana wake. Zinasema tu kwamba mashine imehusika, jambo ambalo mnunuzi wa Kisumu hawezi kulifanyia kazi, kwa sababu siku hizi mashine huhusika hata katika kung'arisha mwanga wa picha. Anachohitaji kujua ni kipi hasa kilichotungwa: ni rangi, ni mandhari, au ni mwendo wa bidhaa?

Kwa hiyo napendekeza maneno matatu ya Kiswahili yaandikwe kwenye pembe ya kila video ya biashara ambayo bidhaa yake imepewa miguu: 'mwendo wa kubuni'. Ni mafupi, yanatosha kwenye kioo cha simu, na hata anayenunua kwa mara ya kwanza atayaelewa bila mkalimani. Ambaye ana istilahi bora na ailete tuipime. Akitaka kuandika 'eti' peke yake, mimi sitampinga.